Sikio la Watasema

Baba alimwita Watasema
mwaka ule alipouza ng'ombe wa mahari ya dada
akanunua mashine ya kusaga,
na Katumba nzima ikapata la kusema.
Jina lilikuwa la majirani.
Mbwa alilibeba tu.

Sasa ni mbwa asiyesikia jina lake.
Mvua ya Tukuyu haina likizo;
sikio la kushoto halijakauka tangu Machi,
limevimba, limekunjamana,
na ndani yake inatoka harufu ya kimpumu kilicholala siku nne.
Ukitaka kulifunua anakutazama kwanza kwa adabu,
kisha anakuonyesha meno.

Daktari Lusubilo alikuja na pikipiki mara mbili.
Mara ya kwanza alileta dawa, kichupa cha kidole gumba.
Mara ya pili alivua kofia, akakaa kwenye gunia la pumba:
"Dawa hii tumewapa ng'ombe, tumewapa kuku, tumejipa wenyewe.
Bakteria wameizoea
kama sisi tulivyozoea ndizi."

Nikachovya pamba sikioni.
Nikaipeleka Uyole ndani ya chupa,
nimeishika kama yai la kuku wa kuazima.

Walikua usiku mmoja
juu ya sahani ya kioo, rangi ya maziwa ya mgando,
wamejaa hadi ukingoni
kama watu walioalikwa.

Mchaichai niliukata nyuma ya choo cha mama,
kivumbasi mtaroni,
mkaratusi niliokota yaliyoangushwa na upepo.
Nikachemsha. Mvuke ukapanda bombani, ukapoa, ukaanza kudondoka,
na debe zima la majani likatoa mafuta
yasiyojaza kifuniko cha soda.
Kifuniko cha soda!
Nikamwita Sekela anayeosha vyombo, aje anuse.
"Miaka yote tunaunywa kwenye chai," akasema,
"kumbe ulikuwa unatuficha."

Karatasi ndogo kuliko kifungo cha shati.
Tone moja. Funika.
Nililala vibaya.

Asubuhi, mkaratusi,
tuliofukiziwa utotoni chini ya blanketi hadi tukalia,
haukuwa na la kujivunia.
Kivumbasi kilisafisha ukingo mwembamba, kikachoka.
Mchaichai
ulikuwa umefagia uwanja.
Duara tupu, kioo kinaonekana,
milimita ishirini na mbili;
nilipima mara tatu kwa rula ya shule ya mdogo wangu.

Nikashika simu nimpigie baba.
Nikairudisha mfukoni.

Sahani haina ngozi.
Sahani haiumi mtu, hailii.
Na Mama Anyelwisye wa ng'ambo ya mtaro,
aliyezipata habari zangu kabla sijazimaliza,
alinunua mafuta ya karafuu, akayamimina matupu
kwenye sikio la mbwa wake.
Wanasema kilio kilifika kiwanda cha chai.
Mbwa yule hadi leo
akiona kijiko anaingia uvunguni.

Kwa hiyo polepole.
Lusubilo amulike kwanza, aone kama kiwambo cha sikio ni kizima.
Kama ni kizima, tone moja
ndani ya matone mia ya mafuta ya parachichi,
kwanza kwenye ngozi ya tumbo, tusubiri siku mbili.
Daftarini nimeandika, nikapigia mstari:
mbwa mmoja si ushahidi.
Chini yake, kwa penseli:
lakini ni huyu.

Jumamosi nimerudi nyumbani, mvua imetangulia.
Baba yuko barazani, kanga kuukuu ya mama mkononi,
anamkausha Watasema sikio, kunjo kwa kunjo,
bila dawa, bila kunisalimu.
Meno hayajaonyeshwa.

"Watasema," anaita.
Mbwa anatazama mvua.

Baba anainuka, magoti yanalia,
anazunguka, anachutama upande wa kulia,
anaita tena, kwa sauti ndogo ambayo hata jirani
hawezi kuisikia.

Mkia.